Piga nini? Swali tunalosahau kuwauliza watoto wa Katavi

Najua wengi wenu mko kwenye kupiga msuli maana UE hizo zinakuja, na wengine mnasubiri bumu litoke ndio akili irudi. Sitawachosha sana. Leo nina hoja moja tu, na nawalenga hasa wenzangu tunaosomea ualimu, halafu zaidi wale tutakaoishia kufundisha Kiswahili.

Hoja yenyewe hii hapa: tukishika chaki, tuache kumwuliza mtoto "piga maana yake nini?" Tumwulize "piga nini?" Mnaweza kuona kama nacheza na maneno. Hapana jamani, tofauti yake ni kubwa, na kule kwetu Mpanda inawagharimu watoto alama, halafu baadaye inawagharimu sauti zao darasani.

Hebu anza na siku yako ya leo hapa chuoni. Umeamka, umepiga miayo, umepiga mswaki, ukapiga pasi shati. Rumeti akapiga deki (kama ni zamu yake na hajapiga chenga). Ukapiga hodi chumba cha jirani kuomba chumvi, mkapiga stori mpaka mkachelewa pindi. Lekcha akaanza kupiga kelele kuhusu wanaochelewa. Mchana ukampigia mama simu, jioni mkapiga picha, usiku ukapiga kitabu. Siku nzima umepiga, na hakuna hata mtu mmoja aliyeumia!

Sasa mchukue mtoto ambaye nyumbani kwao haongei Kiswahili, umwambie "piga maana yake ni kugusa kitu kwa nguvu kwa mkono au kwa fimbo". Atawaza nini akisikia mwenzake amepiga miayo? Nani kaumizwa hapo?

Ukifungua kamusi zetu, kuanzia ile ya Johnson ya mwaka 1939 mpaka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, utakuta mafungu ya maana na misemo. Kamusi imefanya kazi yake, siilaumu. Tatizo ni sisi tunaoichukua orodha ile na kuihamishia ubaoni kama ilivyo: moja, mbili, tatu, nne, tano, andikeni, mtihani Ijumaa. Mtoto anakariri tano, ya sita ikija anakwama.

Mimi naona hivi. Kwenye misemo hii, neno piga lenyewe limebeba kitu kidogo sana. Mzigo wote uko kwa jina linalofuata. Piga inaleta ule mwendo tu, kitendo chenye mshindo au mkupuo fulani, mtu anakifanya kikaonekana au kikasikika. Jina ndilo linakuambia ni kitendo gani. Ukilitazama hivyo, ile orodha ndefu inaanza kujipanga yenyewe.

Kuna kundi la sauti: piga kelele, piga mluzi, piga honi, piga hodi, piga ngoma, piga filimbi. Filimbi inapulizwa, lakini tunaipiga, kwa sababu tunachokitaka ni mlio. Piga simu nadhani ni hapo hapo, maana simu inalia.

Kuna kundi la chombo kinachopitishwa juu ya kitu: piga pasi, piga randa, piga msasa, piga deki, piga mswaki. Kuna la mwili kufanya jambo kwa mkupuo: piga chafya, piga miayo, piga magoti, piga mbizi. Kuna la kuacha alama au umbo: piga picha, piga chapa, piga mstari, piga matuta. Halafu kuna yale ya mambo yasiyoshikika: piga kura, piga marufuku, piga hatua, piga moyo konde.

Mipaka ya makundi haya haijanyooka kama rula, na ukitaka kubishana kwamba piga picha inafaa kukaa kwingine, karibu. Ila mtoto akishapata makundi matano kichwani, msemo mpya ukija ana pa kuuweka. Anakisia, na mara nyingi anapata. Hiyo ndiyo lugha yenyewe.

Tena tusijione tuko peke yetu duniani. Wanaojifunza Kihispania wanalia kilio hiki hiki na kitenzi echar. Maana ya kwanza ni kutupa, lakini unaambiwa echar una mano ni kumsaidia mtu, echar la siesta ni kulala mchana, echar gasolina ni kuweka mafuta kwenye gari, na echar de menos ni kumkumbuka kwa hamu mtu aliye mbali. Ukikariri "kutupa" peke yake, umeisha.

Na Waajemi ndio kabisa, wao na sisi kama tumelala kitanda kimoja. Kitenzi chao zadan maana yake ni kupiga, na kupiga mswaki wanasema mesvak zadan, neno kwa neno! (Mswaki na mesvak yote asili yake ni Kiarabu.) Kupiga simu wanasema zang zadan, yaani kupiga kengele. Sisemi nani kamwiga nani. Nasema tu kwamba binadamu wa mbali kabisa wameona mantiki ile ile, kwa hiyo mantiki ipo, na kinachokuwepo kinafundishika.

Sasa turudi Katavi, maana ndiko hoja yangu inakouma.

Wengi wenu mnaijua Katavi kwa viboko wa Sitalike na hifadhi, basi. Mkoa wenyewe ni mdogo kiumri, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Lakini kwa lugha ni tajiri balaa. Kuna Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Wafipa. Kuna Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Na kuna Mishamo na Katumba, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Wajukuu wao ndio wanakaa kwenye madawati leo, Watanzania kama mimi na wewe, na kwenye nyumba nyingi bibi bado anaongea Kirundi.

Watoto wote hawa wanaingia darasa la kwanza, wanaanza kusoma kwa Kiswahili siku hiyo hiyo. Wa mjini kama Makanyagio au Kashaulili wamekisikia tangu wako mgongoni. Wa ndani huko amekipata shuleni, kwenye redio na kwenye mnada. Halafu tunawapa mtihani mmoja na mwongozo mmoja wa kusahihishia.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kule (jina naliacha, maana jambo lenyewe liko shule nyingi), lilikuja swali la aina mnayoijua: "Toa maana ya misemo ifuatayo." Mmojawapo ulikuwa kupiga chapa. Kijana wa kidato cha kwanza, mtoto wa wafugaji, aliandika kwamba ni kumwekea ng'ombe alama kwa chuma cha moto ili asipotee. Mwongozo ulisema: kuchapisha kitabu au gazeti. Akapewa mkasi. Sifuri.

Wadau, yule mtoto kakosa nini? Mwaka 2017 Serikali iliendesha zoezi nchi nzima, na jina lake rasmi kabisa lilikuwa kupiga chapa mifugo. Lilitangazwa redioni, lilisemwa na mawaziri. Ng'ombe wa kwao walipita kwenye chuma hicho. Kwa upande wa pili, Mpiga Chapa wa Serikali yupo pia, anachapisha nyaraka, na hiyo maana ni halali. Zote mbili ni Kiswahili sanifu! Ila mwongozo ulijua moja, na mtoto alijua nyingine. Ukiniuliza mimi, kati ya hizo mbili ile ya mtoto ndiyo iliyo karibu na asili ya neno, kwa sababu unaona kabisa chuma kikigonga ngozi.

Na si hiyo tu. Kaa na watoto wa mashamba ya tumbaku uwaulize "piga nini?" Watakuambia kupiga matuta, kupiga dawa, kupiga tofali za bani. Aliyekulia karibu na stendi atakupa piga debe na wapiga debe, na ukimdadisi atakueleza kwamba debe lilikuwa linapigwa kweli ili watu wasikie. Wa mnadani atakupa piga mnada. Wa gereji atakupa piga jeki, kisha mwenyewe atagundua kwa nini tunasema mradi fulani umepigwa jeki, yaani umeinuliwa. Ubao unajaa kabla hujafungua kitabu. Dakika kumi na tano tu, tena darasa la watu 80.

Kuna kitu kingine ambacho kwa kweli kinanisikitisha. Mtoto wa Mishamo anayeongea Kirundi na bibi yake, huyo tayari anakijua kitu hiki kuliko unavyodhani. Kirundi kina kitenzi gutera. Gutera igiti ni kupanda mti. Gutera umupira ni kupiga mpira. Gutera urushinge ni kudunga sindano. Kitenzi kimoja, kazi kibao, na jina linalofuata ndilo linaloamua. Ni mchezo ule ule! Mwalimu akisema tu, "nyie nyumbani mnasema gutera nini?", mtoto anafungua macho. Anagundua kwamba amekuwa akibeba ufunguo mfukoni siku zote. Badala yake tunamwambia lugha ya nyumbani iachwe getini, halafu tunashangaa mbona hafungui mlango.

Na hao wengine, wa Kipimbwe, Kibende, Kikonongo na Kisukuma, tuwaulize wenyewe. Watatuletea mifano yao, na siku hiyo wao ndio watakuwa walimu. Mtoto aliyewahi kuwa mwalimu kwa dakika tano haogopi tena kunyoosha mkono.

Nimetaja kuogopa makusudi. Maana ya kwanza kabisa ya piga ambayo watoto wetu wengi wanaijua shuleni haitoki kwenye kamusi. Inatoka kwenye fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Mnajua na mimi najua kwamba kuna madarasa ambayo mtu anachapwa kwa kukosa swali. Hebu fikiria: mtoto anapigwa kwa sababu hajui maana ya piga! Halafu tunatarajia kesho akisie msemo mpya mbele ya darasa? Kukisia ndiyo njia pekee ya kujifunza kitenzi cha namna hii, na fimbo ndiyo inayoua kukisia. Anayekaa kimya hakosei, na anayekaa kimya hajifunzi.

Najua kuna wenzangu mshaanza kuandaa majibu. Mmoja atasema, "wewe unataka kila jibu liwe sahihi, Kiswahili sanifu kitaenda wapi?" Sijasema hivyo. Mtoto akiandika kupiga nywele akimaanisha kuchana, msahihishe, kwa sababu waongeaji hawasemi hivyo. Akiandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba mhasibu aliyetangulia alikuwa mpigaji, mwambie hiyo ni lugha ya mtaani na haikai hapo. Lakini mwambie pia kwamba neno lenyewe lipo na linaishi. Wapiga dili lilitoka mtaani likafika jukwaani, enzi za Rais Magufuli, 2015 hadi 2021, lilisemwa mchana kweupe. Vivyo hivyo nimepigwa kwa maana ya nimetapeliwa, amepigika kwa maisha yamemchosha, na kupigwa chini, ambayo baadhi yenu humu mnaijua vizuri (poleni). Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mtoto neno linakaa wapi, sio kujifanya halipo.

Mwingine atasema, "mtihani wa taifa hauulizi habari za ng'ombe wala gutera." Sawa. Lakini mtihani unauliza utata. Unauliza mnyambuliko. Chukua sentensi ndogo tu: Asha alimpigia Juma mpira. Je, aliupiga mpira kuelekea kwa Juma? Aliupiga kwa niaba yake? Au alimpiga Juma kwa sababu ya mpira? Zote tatu zinakubalika. Mtoto aliyezoeshwa kuuliza "piga nini, kwa ajili ya nani, kwa sababu gani?" atazitoa zote. Aliyekariri maana tano ataandika moja na kuweka kalamu chini. Mpe na ndugu wengine wa familia: pigana, pigania, pigilia, pigisha. Yule wa kwanza ataona uhusiano kati ya kupigilia msumari na kupigilia hoja. Wa pili ataomba kwenda chooni.

Wa tatu atasema hakuna muda, silabasi ni ndefu na watoto ni wengi. Huyu ndiye ninayemwelewa zaidi. Ila hesabu mwenyewe: kukaririsha misemo hamsini kwa mwezi mzima, au kutumia kipindi kimoja kujenga makundi, halafu kila msemo mpya unaingia wenyewe? Na ukishafanya hivyo kwa piga, umefungua njia ya wengine. Kata wamo humo: kata tamaa, kata rufaa, kata tiketi, kata simu. Kula naye: kula kiapo, kula njama, kula rushwa. Kipindi kimoja cha piga kinalipa muhula mzima.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo na linatekelezeka. Kwanza, tukitunga maswali, tusiulize neno likiwa uchi, tuliweke kwenye sentensi. "Baba alipiga chapa ng'ombe wake" na "Kitabu kilipigwa chapa Dodoma" ni maswali mawili ya haki. Pili, kwenye mwongozo wa kusahihishia tuache nafasi ya jibu ambalo mtoto amelieleza likaeleweka na lina waongeaji. Tatu, kabla ya kuandika orodha yetu ubaoni, tuchukue ya kwao kwanza. Nne, fimbo ibaki nje ya kipindi cha lugha. Haina kazi pale.

Mimi siamini kwamba watoto wa Katavi hawajui Kiswahili. Wanakijua kile kilichoko mashambani, mnadani, gereji na kando ya reli ya kwenda Tabora, na hicho nacho ni Kiswahili. Wakisikia kila siku kwamba majibu yao ni mkasi, wanafika mahali wanajiambia lugha hii ni ya watu wa Dar, sisi tunaiazima tu. Na mtu hajengi kwenye kiwanja cha kuazima.

Wapo kati yetu watakaopangiwa Mpanda, Mlele, Mishamo, na watalia wakiona jina kwenye orodha. Msilie. Ingieni darasani siku ya kwanza, andikeni neno moja ubaoni, PIGA, halafu geukeni muwaulize: "Piga nini?" Kisha nyamazeni, muwaache waseme.

Naomba kuwasilisha. Anayepinga apige hodi, mlango uko wazi, chai ipo ila sukari mje nayo.